Neno Chelangat Aliacha Kusema

Jairus Opondo alikuwa IT wa kiwanda cha chai upande wa Roret, lakini ukiuliza mtu yeyote pale kazi yake ni gani, angekwambia ni stickers. Computer alikuwa anatengeneza akipata nafasi.

Group ya WhatsApp ya wafanyakazi iliitwa Majani Mabichi, na Jairus alikuwa rais wake bila kupigiwa kura. Ukisinzia kwa mkutano, umekuwa sticker. Ukikuja na sweta imegeuzwa ndani nje, sticker. Meneja mwenyewe, Bwana Wachira, mtu ambaye hucheka mara moja kwa msimu, alipigwa picha akipuliza uji, na kabla uji ipoe alikuwa anatumiwa watu mpaka Sotik kuwatakia asubuhi njema. Wachira akaweka tu kidole gumba. Sasa nani mwingine angemwambia Jairus awache?

Na si ati alikuwa mtu mbaya. Alizaliwa hapo hapo kwa kambi ya wafanyakazi. Baba alikuja kutoka Siaya kufanya kazi ya boiler, mama anauza samaki wa omena kwa geti. Kwa kambi, kama huna mdomo, watoto wenzako wanakumaliza. Jairus alijifunza mapema kuuma kabla aumwe, akakuwa mtu mzima bila kugundua ati siku hizi hakuna mtu alikuwa anamuuma.

Mtu wa kwanza kufungua ofisi kila asubuhi alikuwa Chelangat, karani wa kuingiza kilo za wakulima kwa computer. Mtu wa Bureti kabisa, nyumba yao unaiona kutoka kwa dirisha ya kiwanda. Alimshinda Jairus miaka kidogo, kwa hivyo yeye alimwita Madam Chela, na Chelangat alimwita Jairo.

Jairus ndiye alimwombea kazi ingine juu ya kazi. "Madam Chela, wewe huwahi. Ukifika tu, chungulia hapa kwa screen ya server. Kama ni kijani, endelea na maisha. Kama ni nyekundu, nishtue." Wachira akasikia hiyo mpango, akaipenda, akasema kuanzia leo hiyo ni kazi ya Chelangat rasmi.

Kitu alikuwa anachungulia ni backup. Watu wakiwa wamelala, kuna programu inachukua kila kitu iko kwa server, inaweka kopi kwa sanduku ingine ndogo nyeusi iko kule store. Hiyo sanduku ndiyo storage. Server ikikufa, unarudi kwa sanduku, unachota kopi, kazi inaendelea. Programu ilikuwa pia inamtumia Jairus email ikishindwa, lakini ilikuwa inatuma email hata ikikohoa, so alizichoka, akaziwekea folder yao zote ziende hapo zikalale. Hakuwahi kuifungua tena. Ya nini, na alarm yake alikuwa Chelangat?

Alarm ilifanya kazi vizuri mpaka asubuhi moja yenye ilinyesha. Stima ilikuwa imepotea usiku ikarudi, venye hufanya huku mvua ikigeuka mawe. Chelangat akafika, akachungulia, akamtumia Jairus voice note. Alikuwa na haraka, na maji ilikuwa inapiga mabati, kwa hivyo aliongea kwa nguvu, kila neno peke yake:

"Jairo! Pack-up imekataa! Inasema haiwesi kuongea na storage! Taa ni nyekuntu!"

Unajua watu wa huku. B na p ni majirani wasio na fence, d na t hivyo hivyo, na hakuna mtu hushangaa. Hata Jairus hangeshangaa siku ingine. Lakini hiyo siku alikuwa bado kitandani, blanketi imemshika, na hiyo "pack-up" ikamgonga mahali. Aliona server imefunga mizigo. Akacheka peke yake mpaka mamake akagonga ukuta.

Kabla avae viatu alikuwa amekata hiyo sauti, akaiwekea beat chini, "pack-up, pack-up, pack-up imekataa," na picha ya Chelangat amebeba suitcase kichwani, chini imeandikwa TWENDE NYUMBANI. Akatupa kwa group.

Wueh. Group ililia. Watu wa packing walisema hiyo ni wimbo wao wa taifa. Madereva wa lori za majani wakaibeba mpaka buying centres, kule wakulima huuzia majani. Hata Wachira, huyo huyo wa msimu, aliweka uso wa kucheka na machozi.

Chelangat pia aliweka uso wa kucheka. Mmoja tu. Jairus aliuona, akahesabu ni baraka.

Kuhusu backup yenyewe, alifika ofisini, akaenda store, akazima sanduku, akaiwasha. Ikarudi kijani. Hakujiuliza kwa nini ilikuwa imekataa. Alikuwa na mashabiki wa kujibu.

Baada ya hapo voice notes za Chelangat zilikauka. Kwa group alikuwa anaandika "sawa" na "noted". Ukimpigia, anasema niko na kazi, andika. Na akianza kuongea Kiswahili ofisini, kulikuwa na kitu Jairus alikuwa anaona bila kutaka kuona: alikuwa anasimama katikati ya sentensi, kama mtu anaruka matope. Bus ilikuwa "ile gari kubwa". Barua ilikuwa "ile karatasi". Dada ya kusafisha alikuwa "yule msichana".

Siku moja alimkuta Jairus kwa korido, amesimama na Dorcus wa accounts, wanaangalia kitu kwa simu.

"Jairo, ile kitu yako ya kila siku, imekwama tena."

"Kitu gani, Madam?"

"Ile ya... ile ya kuweka."

"Kuweka? Kuweka wapi?" Jairus alikuwa anajua. Tuseme ukweli, nusu yake ilikuwa inajua. Lakini Dorcus alikuwa hapo, na meno zilikuwa zimeshaanza kutoka. "Madam, ama ndio umepack?"

Dorcus alishika ukuta kwa kicheko. Chelangat akasema, "Haya," akaenda zake kwa mizani. Na Jairus, aki, akarudi kwa ile kitu walikuwa wanaangalia. Alijiambia ataenda store baada ya lunch. Baada ya lunch kulikuwa na printer.

Wiki zikaenda. Halafu radi ikakuja.

Haikukuja usiku, ilikuja mchana kweupe, watu wakiwa kwa ofisi. Mwanga, mlio, halafu harufu ya plastiki. Stima iliporudi, kila kitu kiliwaka isipokuwa server. Jairus aliifungua, akanusa, akajua. Disk zote zimeenda.

"Usijali, boss," alimwambia Wachira, na alisema akiwa na confidence ya mtu amejipaka mafuta. "Tuko na backup."

Alifungua ile programu kutoka kwa laptop yake. Mstari wa juu, nyekundu. Wa chini yake, nyekundu. Akashuka, akashuka, nyekundu tupu kama kahawa imeiva: imeshindwa kuwasiliana na storage, imeshindwa kuwasiliana na storage. Kijani ya mwisho ilikuwa kule chini kabisa, wiki na wiki nyuma, karibu na siku za suitcase.

Alikimbia store. Sanduku ilikuwa inawaka vizuri, taa zake zinacheza kama hakuna kitu kimefanyika. Akajaribu cable, cable ni mzima. Akabadilisha port. Akajaribu password, inaingia. Akarudi kwa laptop, akaita sanduku kwa address yake, hakuna jibu. Akaingia kwa router, ile inagawa address, kuangalia ni nani amekaa wapi, na akaiona: sanduku ilikuwa hapo, imekaa kwa address ingine kabisa.

Kumbe ni hivyo tu. Yeye mwenyewe akiweka hiyo sanduku hakuipea address ya kudumu. Kila stima ikipotea na kurudi, router inaipea nyumba mpya, na programu inaenda usiku kubisha kwa nyumba ya zamani. Inabisha, hakuna mtu, inaandika nyekundu, inarudi. Ile siku ya voice note aliizima na kuiwasha, ikaangukia nyumba yake ya zamani kwa bahati tu. Mara ingine stima ilipopotea, bahati ikaisha. Kurekebisha ilichukua muda wa kunywa maji. Angefanya siku ile ya kwanza, akiwa bado anacheka.

Wachira aliita mkutano palepale ofisini, watu wamesimama kati ya meza.

"Wiki zote hizi za kilo, tutaanza kuandika upya kutoka kwa risiti za wakulima. Mmoja mmoja. Mnasikia? Sasa nataka kujua. Hii screen imekuwa nyekundu, na kuna mtu huiangalia kila asubuhi. Ni nani?"

Alikuwa anajua ni nani. Kila mtu aligeuka.

"Chelangat. Uliona hiyo nyekundu?"

"Niliona."

"Ukaambia nani?"

"Nilisema... nilisema ile..."

Jairus alikuwa amesimama karibu na kabati, na aliona mdomo wake ukifika kwa neno. Aliona lips zikifunga, tayari kwa b, zikakaa hapo hapo zimefungwa. Nyuma karibu na dirisha mtu akakohoa, ile kukohoa ya kuficha kicheko.

"Sikusema vizuri," akasema.

"Hukusema vizuri ama hukusema?"

"Andika sikusema."

Nafasi ilikuwa hapo. Ilikuwa kubwa, ungepitisha lori. Jairus angesema tu, aliniambia, mara mbili. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, "Boss, nitajaribu kuokoa zile disk," na watu wakamwangalia kama mtu anajituma.

Wachira alisema Chelangat aende buying centre ya Chepilat akapime majani. Contract yake ilikuwa inaisha na msimu. "Ikiisha tutaona kama kuna haja ya kurudi," akasema. Kila mtu alielewa hiyo lugha. Huko watu wakienda kwa njia hiyo, jina halirudi kwa ofisi.

Jioni Jairus alikaa kwa geti na mamake, Adoyo, akimsaidia kufunga omena. Watoto wa shule walipita, mmoja ameshikwa mkono na mwingine, wengine nyuma wanaimba ule wimbo wake, na beat yake na kila kitu.

"Huyo wa mbele ni wa Chelangat," Adoyo akasema. "Siku hizi wanamwita Pack-up. Jana alipita hapa analia."

Jairus alifunga omena.

"Ati ni wewe ulitunga?"

"Ilikuwa jokes tu, Mama."

"Jokes." Adoyo akafuta mikono kwa leso. "Mimi nasema samba. Nasema sule. Nasema masine ya kusaga. Miaka yote hii nikiuza hapa, Chelangat hununua kwangu, hajawahi nicheka. Mbona hujaniweka kwa simu? Niweke. Niko na suitcase pia."

"Mama, bas."

"Yawa, usiniambie bas. Funga hiyo."

Alifunga.

Asubuhi aliingia kwa Wachira kabla kiti yake ipate joto, akaweka laptop kwa meza. Akamfungulia ile folder, emails zote za backup, zimejaa, hakuna hata moja imefunguliwa.

"Hizi zilikuwa zinakuja kwangu, boss. Na Madam Chela aliniambia. Mara ya kwanza nikamfanya wimbo. Mara ya pili nikamcheka kwa korido. Kosa la address pia ni langu."

Wachira alishuka na hiyo folder mpaka chini. "Na jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo."

"Ngai, najua ulikuwa hapo, nilikuwa nakuona na macho. Nakuuliza ulikuwa wapi."

Kwa maisha yake yote ilikuwa mara ya kwanza mdomo kumwacha.

Wachira aligeukia dirisha. Nje wanawake walikuwa wanamwaga majani kutoka kwa magunia. "Na mimi niliweka kicheko kwa hiyo kitu," akasema polepole, kama anaongea na kioo. Halafu akarudi kuwa meneja. "Barua ya Chelangat nitafuta. Ya kwako ya onyo naandika leo. Lakini sitampigia simu. Utaenda Chepilat umwambie na mdomo. Hiyo hiyo mdomo yako."

Kabla atoke, Jairus aliandika kwa Majani Mabichi: "Backup ilikufa juu yangu. Madam Chela aliniambia na nikamcheka. Tafadhali futeni ile wimbo." Alama za kusoma zikageuka bluu, moja baada ya ingine. Halafu mtu wa packing akajibu na sticker ya suitcase.

Alipanda lori ya kuchukua majani, na dereva alikuwa Oyaro, mtu wa utani kama yeye. Hawajafika mbali, simu ya Oyaro ikalia kwa dashboard. Pack-up, pack-up, pack-up imekataa.

"Oyaro, toa hiyo."

"Toa nini? Hii ni ringtone. Bibi yangu mwenyewe huicheza akipika. Wewe ni msanii, buda!"

"Nimesema toa."

"Eh! Kwani umeokoka?"

"Huyo mama karibu apoteze kazi juu yangu."

Oyaro alimwangalia, akaangalia barabara. Alishusha sauti ya simu. Hakuifuta. Jairus aliona hakuifuta, na alijua kuna Oyaro wengine wangapi mpaka Bomet, na hakuna button ya kuwafikia wote.

Kufika Chepilat, lori ilisimama mbali kidogo juu ya matope, na Jairus akashuka akatembea. Alimsikia kabla amwone. Mwanzo hakujua ni yeye. Ilikuwa sauti kubwa, inapanda na kushuka, Kipsigis na Kiswahili zimeshikana, inaita wakulima kwa majina, inawachokoza. Mzee mmoja alikuwa ameleta majani imechanganyika na vijiti.

"Paba, hii ni majani ama ni kuni ya jikoni? Peleka kwa mama apikie ugali!"

Watu wa laini walikufa kwa kicheko. Mzee mwenyewe alicheka, akaanza kuchambua. Chelangat alikuwa amesimama kando ya mizani, gumboots, kalamu kwa nywele, mkono kwa kiuno, na alikuwa mcheshi. Jairus hakuwa anajua. Miaka yote kwa ofisi moja, na alikuwa anadhani ni yeye peke yake ako na mdomo.

"Chamgei, Madam Chela," akamsalimia kwa Kipsigis.

Ilizimika. Chelangat aligeuka, na ile sauti ikaingia ndani kama konokono. Hata mabega yalishuka.

"Jairo," akasema. "Umefika."

"Nimetumwa. Hapana, nimekuja. Nimeambia boss ukweli, ati uliniambia na sikusikia. Ile karatasi ya kukuleta huku imefutwa. Unarudi Jumatatu. Na contract haina shida."

Alijisikia akisema "ile karatasi". Yeye pia alikuwa ameanza kuruka matope.

Chelangat aliandika kilo za mtu, akampea risiti yake. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Si wewe huongea?"

Jairus alitafuta kitu cha kusema, na kila kitu alipata kilikuwa na kicheko ndani yake, kwa hivyo akakiacha. "Pole, Madam. Pia kwa mtoto."

Hapo ndipo Chelangat alimwangalia vizuri. "Mtoto ananiuliza, mama, mbona unaongea hivyo. Sasa nikimsaidia homework..." Akasimama. Alitafuta neno la kupitia, akakosa, akawachana nayo. "Nitakuja," akasema. "Kazi ni yangu. Si ati juu umekuja kuniomba."

"Najua."

"Na ile screen uangalie mwenyewe."

"Nitaangalia."

"Haya. Watu wanangoja."

Ilikuwa kweli, laini yote ilikuwa imegeuka, wanaangalia huyu kijana na viatu vyake vya ofisi. Chelangat aliita mtu anayefuata kwa sauti ndogo, na jina tu, hakuna kitu kingine.

Jairus akaaga. Alipita nyuma ya ile banda, mahali mabati inamficha, na badala ya kwenda kwa lori akasimama hapo, mgongo kwa ukuta. Kwanza alisikia mizani pekee. Halafu gunia likivutwa. Halafu mtu aliuliza kitu kwa Kipsigis, huyo kijana ni nani, na Chelangat akajibu kwa neno moja. Halafu kilo tu, gunia baada ya gunia, mpaka Jairus akadhani amemharibia siku nzima.

Kisha sauti yake ikaanza kupanda. Polepole, kama stima ikirudi na nguvu kidogo.

"Wewe mama, leta hiyo kunia! Ama unangoja nikubebee mpaka nyumpani?"

Laini ikacheka. Na yeye mwenyewe akacheka.

Oyaro alipiga honi kule barabarani. Njia ya kufika kwa lori ilikuwa inapita mbele ya mizani. Jairus hakusonga. Alijua akitokea tu, ataizima ile sauti.